Maswali ya Wasomaji: Fundi, hizi mbao za plastiki zitatufaa huku Tanga?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi msomaji wako wa Chumbageni hapa Tanga. Nyumba tunayokaa ni ya marehemu bibi, sakafu yake ni ile simenti nyekundu ya zamani, imepasukapasuka na imeanza kuchimbika mlangoni na kwenye korido. Juzijuzi nilienda Dar kwa dada nikakuta kaweka zile mbao za vinili, jamani zimependeza, ukiingia unajua ni mbao kabisa na mguu hausikii ubaridi. Nikaulizia duka moja, wakanimwagia mazuri yake yote, haipitishi maji, haikwaruziki, huna haja ya kuvunja sakafu ya zamani, fundi anamaliza siku moja. Sasa mimi naomba mabaya yake, maana mazuri nishaambiwa na muuzaji. Sebule yetu ina mlango mkubwa wa vioo unaoangalia baharini, jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye kochi. Masika rangi ya ukutani huwa inabanduka kule chini. Na mama lazima afukize udi kila Alhamisi jioni, hilo halina mjadala. Nisaidie kabla sijatoa hela.
Mama wa watoto watatu, Chumbageni

JIBU

Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza mapema, wengi huniandikia fundi ameshaondoka na hela ameshakula. Umetaja vitu vitatu mwishoni harakaharaka kama vile ni vya pembeni, mlango wa vioo, rangi inayobanduka na udi wa mama, na mimi nakwambia karibu mabaya yote ya hizi mbao yamo kwenye hivyo vitatu. Twende polepole.

Kwanza ujue unachonunua. Ile sio mbao hata chembe. Ni plastiki ya PVC, ukoo mmoja na mabomba ya maji, imepangwa tabaka kwa tabaka, katikati kuna kiini, juu yake picha ya mbao iliyochapwa, na juu kabisa ngozi nyembamba ya plastiki angavu, hiyo ndo unayoikanyaga. Zile ngumu wanazoziita SPC kiini chake ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na PVC, yaani jiwe la ukoo uleule wa Amboni na Maweni limesagwa huko China likarudi kwako na sura ya mninga. Zipo za kubandika kwa gundi, nyembamba, milimita 2 au 3 hivi, na zipo za klik zinazoumana zenyewe kwa zenyewe bila kushikana na sakafu, milimita 4 mpaka 8. Za stika nazo zipo, unabandua karatasi unabandika, hizo kwa joto letu sitaki hata kuzizungumzia.

Sasa hiyo rangi inayobanduka chini masika. Hapo ukuta unakwambia kwamba maji yanapanda kutoka ardhini. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini jamvi, yaani ile zege ya chini ya sakafu, lilimwagwa juu ya mawe na udongo bila nailoni chini yake, kwa hiyo unyevu unapanda mwaka mzima, ila ile simenti nyekundu inaupitisha kidogokidogo, upepo wa baharini unaukausha, nyie hamuoni kitu zaidi ya doa la unyevu Aprili na Mei na ule unga mweupe wa chumvi pembeni ya ukuta. Ukifunika na plastiki chumba kizima, ule unyevu utatokea wapi? Muuzaji hajakudanganya, kweli maji hayapiti, ila hayapiti kwenda chini na hayapiti kwenda juu vilevile. Yanabaki katikati. Yanakaa chini ya mbao miezi, yanatafuta pa kutokea yanakimbilia kwenye kuta, kwa hiyo rangi yako ambayo ilikuwa inabanduka chini tu utashangaa mwakani imepanda juu zaidi. Kama umebandika kwa gundi, unyevu unapanda na ule ukali wa simenti, gundi inakuwa ute, ubao unateleza ukikanyaga na pembeni inatoka kama gamu ya njano. Kama ni za klik, mbao zenyewe hazitaharibika, hapo ndo pagumu, juu kunameta, chini kuna ukungu mweusi na harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo, na mtu mwenye pumu ndani ya nyumba ndo atakuwa wa kwanza kukwambia.

Kwa hiyo kabla ya dukani pima. Chukua kipande cha nailoni nene angavu, cha kama nusu mita kwa nusu mita, kitandaze kwenye sakafu iliyofagiliwa vizuri na kukauka, ziba pande zote nne kwa tepu pana ile inayoshika kweli, usiache hata upenyo wa sindano, kiache siku nzima usiku na mchana. Kisha bandua kona moja uchungulie. Ukikuta matone yamejishika upande wa chini wa nailoni, au simenti pale imekuwa na rangi nzito kuliko pembeni, basi sakafu yako inatoa maji. Fanya sehemu zaidi ya moja, mojawapo karibu na ule ukuta unaobanduka rangi. Na fanya masika! Mtu anapima Januari jua kali anakuta pakavu anafurahi, Mei anaanza kulaumu fundi.

Ikionekana kuna maji dawa haianzii ndani, inaanzia nje, angalia maji ya bati yanadondokea wapi, angalia udongo wa nje kama haujapanda ukawa juu kuliko sakafu, maana nyumba za zamani barabara inainuliwa kila inapokarabatiwa nyumba inabaki shimoni. Kumaliza tatizo kabisa inabidi kuvunja, kutandika nailoni, kumwaga jamvi upya na kuliacha likauke, na kukauka sio zile siku 28 za zege kukomaa, jamvi la inchi nne linaweza kuchukua miezi minne au zaidi kabla halijafaa kufunikwa na plastiki. Ukifika huko hesabu ya "rahisi na siku moja" imeshakufa.

La pili, mlango wa vioo. PVC ikipata joto inatanuka, ikipoa inasinyaa, hakuna kampuni iliyoweza kuikataza. Ile PVC ngumu yenyewe, urefu wa mita moja ukipanda joto nyuzi 10 unarefuka kama nusu milimita na zaidi kidogo, unaona ndogo, ila sebule ya mita 6 tayari ni milimita 3 na kuendelea, na jua linalopita kwenye kioo likipiga sakafu ya rangi nyeusi halipandishi nyuzi 10 tu, linaweza kuifikisha nyuzi 50 na zaidi wakati upande wa pili wa chumba upo kwenye 30. Sehemu moja inasukuma nyingine imetulia, viungo vinanyanyuka, ile midomo ya klik inakatika. Ikikatika haiungwi. Za gundi nazo gundi inalainika ubao unasogea, unabaki mpasuko mweusi ambao kila siku unajaa mchanga.

Halafu rangi. Picha ya mbao ni wino, jua linaufifisha. Baada ya mwaka au miwili ukisogeza kochi utaona chini yake rangi uliyonunua na nje yake rangi nyingine, na huwezi kupiga randa na vanishi upya kama mbao ya kweli, ukikwangua unakwangua picha.

Na kuna jambo wauzaji hawalisemi kwa sababu wengi hawajalisoma. Makampuni mengi kwenye karatasi ya waranti yanaandika chumba kikae kwenye joto la kati ya nyuzi 18 na 29 hivi. Sasa niambie, Tanga hii, Februari na Machi, saa nane mchana, bila AC, chumba gani kina nyuzi 29? Waranti ya miaka 15 au 25 unayoonyeshwa kwenye boksi iliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye kiyoyozi kinachofanya kazi muda wote, wewe siku utakayorudi na malalamiko utaonyeshwa mstari huo. Mwambie muuzaji akupe ile karatasi uisome kabla, akikwambia haipo basi na waranti haipo.

La tatu, udi. Hapa sitaki kugombana na mama yako, nyumba ya pwani bila chetezo ni nyumba gani. Lakini kaa la udi likidondoka kwenye simenti unalisukuma na mguu yakaisha, likidondoka kwenye marumaru unafuta jivu, likidondoka kwenye vinili kabla hujainama limeshaacha shimo lenye kingo nyeusi na harufu ya plastiki inashinda udi wenyewe. Chetezo chenyewe cha udongo kikiwekwa sakafuni bila kitu chini kinaacha duara la njano. Hivyo hivyo jiko la mkaa, hivyo hivyo sufuria ya wali inayopakuliwa chini kwenye mkeka, na pasi ya mkaa ndo usiseme. Wenzetu waliozitengeneza wanapika wamesimama na wanakula mezani, sisi maisha yetu nusu yako sakafuni. Kama utaziweka, chetezo kikae kwenye sinia la bati lenye mchanga, sinia lenye miguu.

Mengine nayapitia haraka. Sakafu ya chini iwe imenyooka, vipimo vingi vinataka isizidi kama milimita 5 kwenye urefu wa mita 3, chukua rula ndefu ya alumini uiburute kwenye hiyo simenti ya bibi uone mwanga unaopita chini yake, pale mlangoni palipochimbika peke yake panatosha kuvunja viungo. Kwa hiyo "huna haja ya kuvunja" ni kweli, ila una haja ya kusawazisha, na ile simenti maalumu ya kusawazisha inauzwa bei yake na muuzaji wa mbao haiweki kwenye hesabu. Skating, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, pia haiweki, wala vile vyuma vya kwenye milango, wala asilimia 10 ya ziada inayopotea kwenye kukata.

Mikeka yenye mpira chini usiweke kabisa, mpira una dawa zinazoingia kwenye vinili zinaacha doa la njano ambalo halitoki kwa sabuni wala jiki. Huku kwetu mkonge umejaa, tafuta kapeti la mkonge au la makumbi lisilo na mpira chini, litakufaa kwa doa na kwa mchanga pia.

Na mafundi. Fundi marumaru mzuri Tanga unampata Makorora unampata Mabawa, mwenye kuzijua hizi ni wa kutafuta, wengi wanazigonga kwa nyundo mpaka ule ulimi wa klik unapasuka ndani, juu huoni, baada ya wiki chache unasikia sakafu inalia kila ukipita.

Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia sebule hiyo hapana. Simenti nyekundu ya zamani unaidharau bure, mwite fundi wa makamo anayejua niru, ile simenti laini ya kumalizia sakafu, achimbue nyufa, ajaze, apige upya na rangi nyekundu, paka nta, itakuzika hiyo. Ukiona lazima ubadilishe weka marumaru zisizoteleza, nazo zina kero zake ila jua na udi haziziogopi, na unyevu kidogo hazisusi. Kama roho yako imeshaenda kwenye vinili na nailoni imetoka kavu masika, weka chumba cha kulala ambacho jua haliingii moja kwa moja, za rangi ya maji ya kunde au mbao iliyopauka, sio nyeusi. Ukishanunua, maboksi yaingize ndani ya chumba hicho yakae siku mbili kabla ya kutandikwa, yasitoke kwenye lori lililokuwa juani yakatandikwa saa hiyo hiyo.

SWALI

Fundi habari za kazi. Mimi niko Kange, niliweka hizo za klik sebuleni na jikoni pamoja, mfululizo bila kukatisha mlangoni, zikapendeza miezi kadhaa. Sasahivi kila ikifika mchana sakafu inanyanyuka katikati kama chapati, ukikanyaga inashuka inapiga kelele, usiku inalala yenyewe. Fundi niliyemlipa anasema ni kiwanda, dukani wanasema ni fundi. Nani mkweli?
Baba Junior, Kange

JIBU

Kaka, kwa maelezo haya mimi naenda na duka, ingawa sipendi kuwapa ushindi. Sakafu ya klik inaelea, haijashikwa popote, na inatakiwa iachiwe nafasi kuzunguka chumba chote, milimita 5 mpaka 10 kutoka ukutani kulingana na kampuni, nafasi ambayo skating inaificha. Inayonyanyuka mchana na kulala usiku ni ile inayotanuka ikakuta imebanwa. Tafuta imebanwa wapi.

Nitakupa pa kuanzia. Ng'oa skating upande mmoja uchungulie, mara nyingi utakuta ubao umegusa ukuta kabisa, au fundi kajaza simenti ama silikoni kwenye ule upenyo akidhani anakusaidia maji yasiingie. Angalia fremu za milango, pale ndo wengi wanabana kwa sababu kukata chini ya fremu ni kazi. Kisha jikoni, hapa nina wasiwasi nako zaidi, makabati ya chini yamewekwa juu ya mbao? Na kaunta ya zege au granaiti juu yake? Kama ndio basi upande huo umepigwa misumari kwa uzito, sakafu haiwezi kusogea, yote inasukumia sebuleni. Makabati husimama kwenye sakafu ya simenti na mbao zinaishia mbele yake.

Dawa ni kukata pembeni kwa grinda ndogo au jino la kukatia mbao mpaka nafasi ipatikane pande zote, na pale mlango wa jikoni ukate ukatishe, weka kile chuma cha kuunganishia, sebule na jikoni kila moja ipumue kivyake. Vyumba virefu kampuni zenyewe zinaandika mwisho wa urefu bila kukatisha, kaangalie kwenye boksi. Ukishakata subiri mchana wa jua, ikilala imepona. Zile ambazo ulimi umeshavunjika hazitapona, utabadilisha, na hapo utaomba Mungu uwe na boksi la akiba, maana rangi hizi zinatoka kwa kontena, kontena lijalo linakuja na rangi ya jirani yake sio yenyewe. Ndo ubaya mwingine wa kitu hiki nilisahau kumwandikia dada wa Chumbageni, marumaru ikipasuka moja unaitoa unaweka nyingine, hizi za klik ubao wa katikati ukiharibika unafumua kuanzia ukutani mpaka uufikie.

SWALI

Assalaam alaikum fundi. Nina gesti ndogo Bagamoyo, vyumba sita, karibu na bahari, wageni wanarudi kutoka ufukweni na miguu ya mchanga na nguo mbichi. Marumaru zangu zimechoka. Nataka vinili nene, duka linasema milimita 5 ndo nene kuliko zote walizonazo na haitakwaruzika.
Mwenye gesti, Bagamoyo

JIBU

Waalaikum salaam. Ndugu yangu hiyo milimita 5 ni unene wa ubao mzima, ambao kwa mchanga wako hauna msaada wowote. Uliza unene wa ile ngozi ya juu. Zile za bei ya chini inakuwa 0.2 milimita au pungufu, za nyumbani za wastani 0.3, za biashara kama yako 0.5 na kuendelea. Kwenye maboksi mengine wameandika kwa mil za Kimarekani, 8, 12 au 20, ni vipimo hivyo hivyo, mil 20 ndo nusu milimita. Unaweza kukuta ubao wa milimita 8 una ngozi ya 0.2, na wa milimita 2.5 wa gundi una 0.5, na kwa gesti huyo mwembamba atamzika yule mnene.

Hata hivyo mchanga wa pwani ni mgumu kuliko plastiki yoyote. Mgeni akiburuta kiti cha chuma chenye punje mbili za mchanga chini ya mguu umepata mstari mweupe wa kudumu, na mstari wa vinili huusugui ukatoka. Magurudumu ya mabegi yanapita palepale kila siku kutoka mlangoni mpaka kitandani, baada ya muda kunakuwa na njia iliyofifia, unaiona vizuri ukilala kitandani ukaangalia dirisha, na mgeni anayelipa ndo anaiona kabla yako.

Maji nayo, sio yale ya juu. Bomba la bafuni likipasuka usiku mgeni kalala, kwenye marumaru asubuhi unapiga deki maisha yanaendelea. Kwenye vinili ya kuelea maji yanaingia pembeni chini ya skating na yanajitandaza chini yote, huwezi kuyakausha bila kufumua, na chumba kinafungwa. Kwa hiyo ukiamua, chukua za gundi zenye ngozi nene, chumba kimoja kwanza, kiendeshe msimu mzima wa wageni na masika yake, ndo uamue vitano vilivyobaki. Weka bomba la kuoshea miguu nje, mlangoni mikeka miwili, mmoja nje mmoja ndani, miguu yote ya viti ivalishwe vipande vya kitambaa kizito na mfanyakazi azibadilishe maana zikijaa mchanga zenyewe zinakuwa msasa.

Hujasema jengo ni la namna gani. Kama ni la zamani la mawe ya matumbawe na chokaa, achana na plastiki kabisa, kuta zile zinakunywa maji na zinahitaji kupumua, ukiziba sakafu unazimalizia ukutani. Na kama lipo chini ya uangalizi wa Mambo ya Kale, wale wa serikali wanaotunza majengo ya kihistoria, waone kwanza kabla fundi hajashika nyundo.

SWALI

Fundi mambo. Tumehamia nyumba mpya ya kupanga Pongwe, mwenye nyumba kabandika vinili vyumba vyote wiki iliyopita, harufu ni kali hasa tukifunga madirisha, mke wangu ni mjamzito anaumwa kichwa. Ni gundi au ni hizo mbao? Na mafundi wameacha vipande vingi nje, naweza kuwashia mkaa?
Kijana wa Pongwe

JIBU

Nianze na la mwisho: usiwashie, narudia, usiwashie. PVC ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa asidi, na ndani ya moshi ule kuna sumu nyingine mbaya kuliko hiyo. Usichome hata na takataka nyuma ya nyumba. Vifunge uvipeleke kwenye gari la taka, au weka vichache vya kuzibia sakafu ikiharibika.

Harufu mara nyingi gundi ndo kubwa, hasa zile za kutengenezea viatu ambazo mafundi wanazitumia kwa sababu zinakauka haraka, ila mbao zenyewe nazo zinatoa mvuke wa kemikali siku za mwanzo na joto linazidisha. Mke wako asilale humo mpaka harufu ipungue, aende kwa ndugu au alale chumba ambacho hakijabandikwa. Fungua madirisha pande mbili upepo upite, feni iangalie nje, siku na wiki kadhaa. Kichwa kikiendelea aende kliniki, asisubiri sakafu.

Kuna jambo lingine lisilo na harufu. Plastiki laini inalainishwa kwa dawa, na kundi moja la dawa hizo linaitwa thaleti, baadhi yake zinavuruga homoni na ndo maana mjamzito na mtoto anayetambaa wanatajwa kwanza. Home Depot, lile duka kubwa la vifaa vya ujenzi la Marekani, mwaka 2015 lilitangaza kuachana na vinili za sakafu zilizoongezwa thaleti, na Umoja wa Ulaya tangu Julai 2020 umezibana nne, zile zinazoandikwa DEHP, DBP, BBP na DIBP, zisizidi asilimia 0.1. Zile ngumu za SPC kwa kawaida hazina haja ya kilainishi kingi, laini zinazojikunja ndo za kuuliza. Muulize mwenye nyumba kanunua zipi, akupe hata picha ya boksi. Nembo kama FloorScore inahusu kiasi cha mvuke unaotoka humo, lakini nembo kuchapwa kwenye boksi kila mtu anaweza, karatasi ya kuithibitisha ndo ya kuomba. Wakati huo piga deki kwa maji mara kwa mara badala ya kufagia, hizo dawa zinapenda kukaa kwenye vumbi.

SWALI

Naweza kutandika vinili juu ya marumaru bila kuzitoa? Ngamiani.

JIBU

Unaweza, kama marumaru zimeshika zote. Zigonge moja moja kwa mpini wa bisibisi, inayotoa sauti ya uwazi itoe uibandike upya. Mifereji kati ya marumaru ikiwa mipana au ina kina ijaze kwanza, la sivyo kwa zile nyembamba utaiona yote juu baada ya muda, miraba mitupu, mbao haionekani tena. Na pima milango, sakafu inapanda, mlango ukianza kukwama andaa na hela ya seremala.